Mwanzo Ulionipita

Chumba cha juu,
Nyuma ya jumba la sinema.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linasemaje? Umeniandikia kwamba sasa unapanda ngazi za wodini bila kunung'unika. Kwa jinsi ninavyokujua, naomba nipate na ushahidi wa wagonjwa unaowauguza. Sisi hatujambo, ila wifi yako ana mafua, na lawama zote ananitupia mimi.

Sasa kaa vizuri unicheke. Mdogo wako, na mvi zake hizi, ni mwanafunzi. Kila Jumanne jioni naenda maktaba, ambako mhariri wa gazeti letu la wiki anatufundisha kuhakiki vitabu na filamu. Jirani yangu wa dawati ni kinyozi. Yeye husimulia kitabu chote hadi mwisho, kisha huandika, "Kinapendeza." Nilimcheka sana. Nyani haoni kundule.

Mhariri alituahidi kuwa atakayeandika uhakiki bora atachapishwa na kupewa safu yake kila mwezi. Dada, tangu nioe sijatamani kitu namna ile. Miaka kumi na tisa nasimama mlangoni pa sinema, nachana tiketi za wanaokwenda kutazama. Hakuna aliyewahi kuniuliza mimi nimeona nini.

Nikaichagua filamu inayoonyeshwa kwetu, nikaivamia kwa ukali wa hakimu: yule mama anamwandama fundi saa mji mzima bila sababu, bila shaka mtunzi alisinzia.

Mhariri akasoma, akavua miwani. "Bwana Tiketi, fundi ndiye aliyemwiba mtoto wa huyo mama. Inaonyeshwa mwanzoni kabisa. Kwani wewe uliingia saa ngapi?"

Darasa likaangua kicheko, kinyozi akiongoza. Ikabidi niseme ukweli: mimi huingia wachelewaji wakiisha. Kwa miaka yote hiyo sijaona mwanzo wa filamu hata moja.

Nilijua safu imeniponyoka. Lakini mhariri akanirudishia karatasi. "Kaone kilichokupita, uandike upya. Ijumaa niwe nayo."

Alhamisi wifi yako akanishikia zamu ya mlangoni, na mafua yake. "Kumbe kazi yenyewe ni kugombana na watu tu," akasema. "Na ulikuwa unajidai umechoka." Nikaketi kabla taa hazijazimwa. Mama yule alipogeuka na kukuta kiti cha mwanawe kitupu, nilimwonea haya kana kwamba nilimsengenya na amesikia. Nikaandika upya, na katika sentensi ya kwanza nikaungama kosa langu.

Jana gazeti limetoka. Niko ukurasa wa kumi na mbili, chini ya tangazo la magodoro, na safu nimepewa. Kinyozi amenibandika kwenye kioo chake. Wateja wananisoma wembe ukiwa shingoni, kwa hiyo hadi sasa hakuna aliyenipinga.

Nisalimie shemeji, mapacha, na shangazi yetu msahaulifu, hata akiuliza mimi ni nani. Mungu awazidishie afya na awape usingizi mwema.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Kitinda Mimba