Divai ya Mzee Wako Isitiwe Sukari

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Sie hapa Tegeta wazima, mama yako sasa ni mwalimu mkuu, na mtaa mzima unajua unafanya kazi Ufaransa. Nimewaambia mwenyewe.

Unauliza kwa nini mzee mwenye kishamba cha zabibu unachofanyia kazi hataki kuilainisha divai yake nyeupe kwa sukari, ingawa mwaka huu ni kali na wateja wapya wanakunja uso. Mie kosa hilo nililifanya Marangu, siku babu yako alipoleta wazee kunichumbia. Nilionja mbege ya mama, ile pombe yetu ya ndizi, nikaiona kali, nikamimina sukari. Mama mkwe, aliyekuja nao, akanywa funda moja, akaweka kata chini.

"Hii hata mjini ipo. Ile kali ya mama yako iko wapi?"

Nikaona ndoa inaondoka. Mama akaleta mtungi mwingine aliokuwa amemwekea baba. Mkwe akamaliza kata, akaomba ya pili, nami nikaolewa.

Basi mwache mzee wako. Ila niletee chupa moja, nimwonjeshe jirani nikimtazama uso.

Bibi yako anayejivunia,
Bibi Eliakunda