Nilimnyima Mpwa Wangu Marahaba Nikashinda Mbio za Korongoni, Je, Baiskeli Ibaki Yangu?

Mama Ursula mpendwa,

Msaada ninaouomba ni mdogo kwa umbo lakini umenikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana mimi nina miaka sitini na minne, nina mke na wajukuu, shuleni niliishia darasa la tatu wakati wa mkoloni baada ya hesabu za kugawanya kunishinda, kwa hiyo ukiona nukta hazipo ziweke mwenyewe, na jina langu liandike wazi, Bwanali wa Chilangala, usinifiche kwa herufi mbili kama wale wanaokuandikia habari za nyumba ndogo, kosa langu mimi lilitazamwa na watu mchana kweupe tena wengine walipiga vigelegele.

Jambo lenyewe ni baiskeli. Tangu mambo yawe ruksa na mitumba ianze kuingia hakuna kisichofika huku kwetu, na ule msimu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na magari yao kununua korosho niliuza zangu nikashuka Masasi kununua bati, mke wangu Sikudhani alinituma bati, Mama Ursula, na nilikuwa na nia njema kabisa mpaka nilipofika kwa kijana mmoja Msukuma, anaitwa Kulwa, anauza mitumba pale sokoni, nikaiona imening'inia. Nyekundu, matairi manene yana meno kama ya trekta, gia kumi na nane. Nikamuuliza, "Hii ni ya kulimia?" Akasema, "Mzee, hii Wazungu wanapandia milima kwa kujifurahisha." Nikatazama yale majabali ya Masasi nikamuuliza, "Na wakifika juu wanafanya nini?" Akasema, "Wanashuka." Basi nikajua hao watu tuna akili moja. Bati sikununua. Yaliyosemwa nyumbani siyaandiki, gazeti lako linasomwa na watoto.

Sasa kwetu sisi, Mama, mrithi wa mtu si mwanawe, ni mtoto wa dada yake, na mimi dada yangu ana Shamte, kijana wa miaka ishirini na minne, miguu mirefu, mdomo mrefu zaidi. Tangu siku baiskeli inateremshwa juu ya basi yeye anaizunguka na kitambaa anaifuta, "Mjomba, tairi la nyuma limepungua upepo, usije ukaniachia mkweche." Namwambia ngoja kwanza nife. Ananijibu, "Sikuharakishi, mjomba." Tukawa tunacheka hivyo hivyo, mpaka mwaka huu nilipoikosa kona ya nyumbani kwa jirani nikatua na baiskeli katikati ya mihogo yake iliyoanikwa, ndipo dada yangu akaitisha kikao cha ukoo wakasema mtu wa umri wangu kazi yake ni kukaa kibarazani, baiskeli apewe mwenye magoti.

Nikiitoa hii baiskeli, Mama Ursula, mimi nimekwisha. Nitakaa kwenye kile kibaraza nihesabu kuku wa watu mpaka wanichukue na jeneza. Kwa hiyo mdomo wangu ukafunguka wenyewe mbele ya kikao: sikukuu ya wakulima kuna mbio Newala, mimi na Shamte tuingie, akitangulia kumaliza aondoke na baiskeli hapo hapo, nikitangulia mimi asiitaje tena mpaka mnizike. Wakakubali haraka sana, nikaona kabisa kwamba wamenihurumia, na hilo ndilo lililoniuma.

Hizo mbio aliziunda bwana misitu wetu, Godwin, kijana wa Bukoba, analinda miti ya serikali pale ukingoni ambapo nchi inaanguka kuelekea Ruvuma. Alikata vijia vya kukagua moto, halafu sijui alikunywa nini akalaza magogo katikati ya njia, akaweka daraja la mti mmoja juu ya korongo, akapanga na ngazi za mawe, akasema mwendesha baiskeli ashuke kwa kijia chembamba mpaka chemchemi ya bondeni, ajaze kidumu cha lita tano, afunge kwenye keria, apande kwa njia pana ya akina mama wa maji, na maji yasipungue. Wenzangu walidhani nimeingia kwa kichaa, hawakujua kwamba miezi miwili nilikuwa shambani kwangu ninaruka magogo ya mikorosho na kidumu nyuma, Sikudhani ananitazama na jembe mkononi anasema, "Baba Cecilia, ukifia humu nitasema ulianguka mtini, sitasema hili."

Tulikuwa saba, mimi na vijana sita, na kabla ya filimbi wale vijana kwa malezi mema waliyopewa na mama zao wakasema, "Mzee, tangulia." Hapo ndipo walipokosea. Kile kijia kinapita baiskeli moja tu, kulia ukuta wa udongo, kushoto huko ni Msumbiji. Nikatangulia. Nikashuka kwa breki, taratibu, kama bibi harusi. Nyuma nasikia kengele, naye Shamte huyo, nami sisogei.

Unajua mwenyewe, Mama, mtoto aliyefundwa jandoni hampiti mjomba wake kama anapita nguzo ya simu. Lazima asalimie, na lazima angoje ajibiwe.

"Mjomba, shikamoo!"

Nikanyamaza.

"Mjomba, shikamoo!"

"Nani huyo?"

"Ni mimi Shamte!"

"Shamte wa nani?"

"Wa dada yako, mjomba!"

"Dada yangu yupi?"

"Mjomba, unaye mmoja tu!"

"Hajambo?"

"Hajambo, mjomba, shikamoo, naomba kupita!"

"Na ile homa yake ilikwisha?"

Basi mazoea ni kitu kibaya, yule mtoto akateremka kwenye baiskeli, akaishika kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyozoea kunisalimia nyumbani, katikati ya mteremko! Haji, kijana aliyekuwa nyuma yake, akamgonga, wa tatu akamgonga Haji, wote sita wakakaa chini wamebebana kama vyungu vya sokoni. Nilisikia mtu anaita jina la mama yake. Marahaba sikuitoa. Nilivuka lile daraja la mti mmoja nikicheka mpaka machozi yakanizuia kuona, ni Mungu tu.

Lakini Mungu huyo huyo hapendi mambo haya, maana nilipofika chemchemini cheni ikachomoka ikajiviringa kwenye gia, nikapiga magoti kwenye tope naing'ang'aniza kwa vidole, na wao wakafika wamechubuka wakachota maji, wakanipita mmoja mmoja, "Pole mzee," "Pole mzee," na Shamte goti linavuja damu akainama sikioni kwangu, "Mjomba, usiikwaruze, ni yangu hiyo." Wakaondoka wote. Nilipomaliza kujaza kidumu nilikuwa peke yangu na wanawake wa maji, mmoja akaniambia, "Mzee, acha tu, tutakubebea maji yako."

Nikapanda baiskeli. Nikaweka gia ndogo kuliko zote, ile ambayo miguu inazunguka kama cherehani na baiskeli inakwenda kama kinyonga, nikakaa kwenye kiti sikuinuka. Ule mlima, Mama Ursula, vijana waliuanza kwa mbio, wakafika robo wakashuka wakaanza kusukuma, zile za kwao nyeusi za Kichina ni nzito na maji nayo ni mazito. Nikampita wa kwanza. Nikampita wa pili amekalia jiwe. Kwenye magogo niliinua usukani kama nilivyozoea shambani, moja, mbili, tatu, kidumu hakikumwaga hata tone. Haji nilimpita analaani wazazi wa bwana misitu. Shamte nilimkuta kwenye ngazi za mawe, anasukuma, akaniona, akapanda haraka akakanyaga mara tatu, akaanguka pembeni, nami nikazipanda zile ngazi juu ya baiskeli, tako halijaacha kiti, nikatokea juu peke yangu na lita tano zangu. Weee! Watu walilia. Akina mama walipiga vigelegele mpaka kunguru wakahama, na Sikudhani aliyeapa kwamba hakanyagi pale nilimwona yuko mbele ya wote, kanga ameitupa hewani. Nilitamani wakati ule nipigwe picha.

Sasa taabu yangu. Shamte hanisalimii tena. Anasema sokoni Newala mpaka Masasi kwamba mjomba wake alishinda kwa kunyima marahaba, na dada yangu anataka kikao kingine. Na kweli nilinyima, siwezi kusema sikunyima, marehemu babu alinifundisha kwamba salamu ni deni, asiyeijibu ni mwizi. Je, Mama Ursula, nimeiba ushindi? Nimpe mtoto baiskeli yake nikakae kibarazani, au nisimpe?

Ni mimi,
Bwanali, Chilangala, Newala.

*

MAMA URSULA ANAJIBU

Mzee Bwanali, shikamoo. Usinijibu, nina haraka, nataka kupita.

Kwanza nikugombeze, maana umeyataka. Mtu mzima mwenye wajukuu unamuuliza mtoto wa dada yako "wa nani" huku mmoja tu unaye, unasababisha watoto sita wa watu kurundikana mteremkoni kushoto kwao kuna shimo! Angeporomoka mmoja leo ungeniandikia barua nyingine, na hiyo nisingeicheka. Umechukua heshima ambayo akina mama wa Newala wamewafunza watoto wao kwa miaka, ukaigeuza gogo la kuwazuia njiani. Hayo ni makosa, na bati la mama wa watu nalo ni kosa, usidhani sikuliona.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na wewe mwenyewe inaonekana hukuisoma hata mara moja. Nani alitoka chemchemini wa mwisho? Wewe. Nani walikuwa mbele yako? Wote sita, na Shamte akiwa na nafasi hata ya kuinama kukutania. Basi zile marahaba ulizonyima huko juu zilikusaidia nini? Cheni ilikunyang'anya kila ulichoiba. Mlima uliuanza ukiwa nyuma yao, njia ni pana, hakuna aliyekuomba kupita, wewe ndiye uliyekuwa unapita. Mzee wangu, umeshinda! Umeshinda kwa miguu na kwa ile miezi miwili ya kuruka magogo shambani, na umeona fahari kwenye ujanja wako kuliko kwenye jasho lako, ndiyo maana dhamiri imekuchanganya.

Shamte atasema ni gia. Sawa. Si ndizo hizo gia anazozitaka? Mwite, mfungie kidumu cha lita tano, mpe hiyo nyekundu azipande zile ngazi za mawe mbele ya mama yake. Akifika juu bila kuteremka, niandikie, nitakuja Newala kumpongeza mwenyewe. Nadhani ataomba kufundishwa, na hapo usicheke. Mfundishe. Mjomba anayengoja kufa ndipo ampe mpwa wake kitu amemrithisha chuma tu. Jumamosi moja moja apande yeye, wewe ukae pembeni umwambie gia gani. Baiskeli inabaki kwako, na kikao kikiitishwa wasomee gazeti hili.

Ila kabla ya hayo yote kuna kazi. Nenda kwa dada yako, kwa miguu. Usianze na maneno wala mzaha, mtafute Shamte popote alipo, mwambie, "Marahaba, mwanangu." Mpe na dawa ya goti. Kisha wazungukie wale watano mmoja mmoja, ukawaombe radhi, hata yule anayelaani wazazi wa watu. Bwana misitu naye mwambie mwakani salamu zote zimalizwe kabla ya filimbi, na kile kijia akipanue au asiwapeleke watu humo. Na cheni nunua mpya. Bati pia, msimu huu huu wa korosho, kabla hujafika Masasi ukaona kitu kingine kimening'inia.

Na sikukuu ijayo wakikuambia "Mzee, tangulia," kataa. Waache watangulie wote. Wewe shuka wa mwisho, jaza maji yako bila haraka, ukawakute mlimani wanasukuma.