Nimempa Ushindi, Anataka Kushindwa Kwake

Mpendwa Mshauri, nimekwama na sina wa kumwuliza, kwa sababu kila ninayemwamini hapa Erie yumo ndani ya ligi yetu na nikimwambia mmoja nimewaambia wote, kwa hiyo nivumilie nikumwagie yote. Mimi ndiye msimamizi wa ligi ya watu kumi, ligi ya kubuni ya mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kubebwa mikononi, ambayo kila mtu anajichagulia wachezaji wa kweli kutoka timu mbalimbali, anawapanga kwenye apu ya simu, na wanachofanya uwanjani Jumapili ndicho kinachompa pointi. Tumecheza pamoja tangu tulipokuwa vijana katika ofisi moja, na kila Agosti tunakutana kwenye gereji ya shemeji yangu Dale Palermo, kaka wa mke wangu, tunakula mikate ya nyama ya ng'ombe, tunachagua wachezaji kwa zamu na kutaniana mpaka jirani anafunga madirisha.

Mmoja wetu ni Corinne Majewski, wakili, haoni tangu kuzaliwa, na amelitwaa kombe letu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. Simu yake inamsomea kwa sauti kila anachogusa, kwa kasi ambayo mimi nasikia kama nyuki ndani ya chupa, na mambo yalikuwa mazuri mpaka wenye apu walipoipamba upya mwaka huu msimu ulipoanza, sasa vitufe vingi havina jina, akigusa hiki simu inasema "kitufe", akigusa kile "kitufe", na ile alama nyekundu ya mchezaji aliyeumia haisomwi kabisa. Corinne hakutulilia, alikariri kila kitufe kiko wapi, akawaandikia wenye apu, wakamjibu kwamba wanathamini maoni yake, akaendelea kutuchapa. Siku Dale alipomwuliza mbele ya watu kama anahitaji mtu wa kumsaidia kupanga kikosi, alimjibu, "Dale, wewe una macho mawili na uko nafasi ya tisa. Unanisaidia kwenda wapi?" Dale alikasirika, na nadhani ndiyo maana akaanza kushinda.

Basi Jumapili iliyopita ilikuwa nusu fainali, Corinne dhidi ya huyo huyo Dale, na mimi natoka kanisani nafungua apu naona Corinne amempanga mkimbiaji, yaani mchezaji wa kukimbia na mpira, mwenye alama nyekundu, kifundo cha mguu, na benchi kwake amekaa mkimbiaji mzima kabisa, nikafikiri, maskini, apu haikumwambia, nikampigia simu, haikupokelewa, na mechi inakaribia kuanza, na msimamizi ana uwezo wa kubadilisha kikosi cha mtu yeyote, uwezo tuliouacha kwa ajili ya dharura, basi nikabadilisha. Yule wa benchi akavuka mstari wa bao mara mbili. Yule wa kifundo akaingia, akakimbia kidogo, akatoka akichechemea. Corinne akamshinda Dale, akaingia fainali, na mimi nikajiona mtu mwema, nikala chakula cha jioni kwa raha.

Usiku akanipigia yeye, nami nikajiweka tayari kupokea shukrani. Kumbe alikuwa anasikiliza pointi za kikosi chake akasikia jina ambalo hakuliweka. Akaniuliza kama ni mimi. Nikakubali, nikaanza kumweleza habari za alama nyekundu, akanikatiza.

"Nilijua ameumia, Vern. Mtangazaji wa redio alikuwa uwanjani, akasema jamaa amepasha misuli na atacheza. Nikaamua kumwamini."

Nikamwambia, basi uliamua vibaya, na mimi nimekuokoa.

"Ndiyo, niliamua vibaya," akasema. "Kosa ni langu. Nirudishie."

Anataka niwaambie wote kabla ya Jumapili, siku ya fainali, na pointi zirudi kama zilivyopaswa kuwa, la sivyo anaondoka kwenye ligi moja kwa moja. Lakini nikizirudisha ni Dale anayeingia fainali, na atanichekea kwenye kila meza ya Krismasi mpaka nizikwe, na wengine watauliza ni mechi ngapi nyingine nimezitia mkono, wataninyang'anya usimamizi, na mke wangu anasema ushindi ni ushindi, nyamaza, hata Dale kaka yake hajui, mwache alale. Nilitenda kwa nia njema, Mshauri, na hakuna aliyeumia. Naomba unisaidie maneno ya kumfanya Corinne akubali, kwa sababu sijawahi kuona mtu anakataa kushinda.

Vern, Erie

* * *

Vern,

Maneno ya kumfanya Corinne akubali sina, na ningekuwa nayo ningeyafungia kabatini. Nimesoma barua yako mara mbili, na kila mara nilipofika pale anaposema "nirudishie" nilitamani kusimama kwa heshima. Nimezeeka nikiandika juu ya wanasiasa wanaogoma kukubali kwamba wameshindwa na wakubwa wa kampuni wanaomtupia karani kila kosa lao, na hapa katika mji wetu kuna mwanamke anayepigania haki ya kubeba kosa lake mwenyewe, katika mchezo ambao zawadi yake ni kombe la plastiki. Mtu wa namna hiyo hatafutiwi maneno ya kumlainisha.

Nakuonea huruma kidogo. Uliona alama nyekundu, ukashtuka, saa inakimbia, ukafanya ulichoona ni wema. Lakini nijibu hili. Dale akienda porini kuwinda paa na kusahau kupanga kikosi chake, unaingia kumpangia? Nawajua watu wa ligi hizi, mimi mwenyewe nimo katika moja. Unaipiga picha skrini yake, unaituma kwa wote, na mnacheka wiki nzima. Dale ana ruhusa ya kuwa mjinga. Corinne umemnyima ruhusa hiyo. Ulipoona uamuzi wa ajabu kwenye kikosi cha bingwa wenu, hukujiuliza anajua nini ambacho wewe hujui, ulidhani moja kwa moja kwamba hajui. Na kumbe anajua zaidi yako. Wewe uliitazama rangi. Yeye alimsikiliza mtu aliyekuwa pale uwanjani, akapima, akathubutu. Kwamba ilimwendea vibaya si hoja. Kuthubutu kukiondolewa, mnachocheza ni bahati nasibu.

Unasema hakuna aliyeumia. Dale ametolewa katika mashindano na kikosi ambacho mpinzani wake hakukipanga. Ninyi nyumbani mnasema alale tu. Usimwambie Dale kwamba nimemtetea, lakini ameonewa.

Sasa hao wenye apu. Juzi niliiwasha ile sauti kwenye simu yangu, nikaifunika skrini kwa taulo la jikoni, nikajaribu kupanga kikosi changu. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Nilipoondoa taulo nilikuta nimemtimua mchezaji wangu bora. Nilikuwa na hasira kiasi cha kushindwa kunywa kahawa. Watu hawa walipata muda wa kutengeneza kofia ngumu ya mchezaji inayozunguka na kumeta kila bao linapopatikana, lakini hawakupata muda wa kukipa kitufe jina. Kisha Corinne wenu anaikariri hiyo skrini yote, anaipita kama mtu anayepita sebuleni kwake, na kufika nusu fainali. Ila ninyi tisa mna aibu. Barua aliiandika peke yake. Mliendelea kucheza na kutaniana, mmoja wenu anafungiwa mlango, na mkaona ni shida yake.

Fanya hivi. Leo ni Alhamisi. Leo hii, kabla hujala, waandikie wenzako wote tisa kwamba ulibadilisha kikosi cha Corinne bila idhini yake, na kwamba hakujua. Usiweke nia njema ndani ya ujumbe huo, haimhusu mtu. Rudisha pointi. Mpeleke Dale fainali na umtakie heri, hata kama meno yanagoma kufunguka. Atakuchekea, na itakubidi uvumilie, umeyataka mwenyewe. Wakitaka kukuvua usimamizi, uvue mwenyewe kwanza, na umpendekeze Corinne, kwa sababu ndiye pekee kati yenu aliyethibitisha kwamba hatapindisha matokeo hata yakimpendelea. Kisha mwombeni Corinne akubali, na wote kumi mtie sahihi barua kwa wenye apu, iseme wazi kwamba vitufe visipopata majina kabla ya Agosti ligi nzima inahama. Mtu mmoja wanamjibu kwamba wanathamini maoni yake. Timu kumi zikifunga virago wataitisha kikao.

Mkeo mwambie nimesema namwelewa, na kwamba amekosea.

Na kuna jambo moja la mwisho, usilipuuze. Katika barua yako Corinne anamtania Dale na Dale anakutania wewe, lakini sijaona hata mmoja anayemtania Corinne. Sasa ameshindwa, kwa haki, kwa uamuzi wake mwenyewe, mbele ya watu wote. Ukishamaliza kuomba radhi mpigie simu, umwambie: "Wakili mzima, una mkimbiaji mwenye miguu miwili benchi, unamchezesha wa mguu mmoja kwa sababu redio imesema?" Kisha nyamaza umsikilize. Jibu lake litakuuma, na utakuwa umeanza kucheza naye.