Mstari Niliokuchorea

Seif, mpwa wangu,

Mama yako amenipiga kofi. Naanzia hapo kwa sababu najua ungecheka kwanza, kisha ungeuliza kisa. Asha, mdogo wangu wa mwisho, ambaye hata kuniita kwa jina hajawahi, alininasa kibao mbele ya majirani, miwani yangu ikaruka mpaka kwenye majivu ya jiko. Nilistahili. Tulia nikueleze.

Unakumbuka ulivyonijia na kompyuta kifuani kama umebeba mtoto. Wenye gemu huko ng'ambo walikuagiza gari la mashindano, gari ambalo hakuna kiwanda kitakacholiunda, la kuendeshwa kwenye kioo cha kompyuta tu. Ulilichora na mabega mapana, pua chini, taa mbili nyembamba kama macho yenye hasira. Ukaliita Fahali. Nikakwambia, "Zuri, lakini linakata kona kama sahani inayoteleza mezani. Uzito wake uko wapi?" Ukanijibu, "Mjomba, gari la uongo hilo!" Nami, mwalimu wa fizikia niliyestaafu kazi nisistaafu mdomo, nikakueleza kutwa nzima. Kitu kizito kikifunga breki, uzito hukimbilia mbele. Kikipinda, huelemea bega la nje. Mchezaji hajui kanuni, ila jicho lake hujua likidanganywa. Kisha nikasema neno ambalo nalitafuna mpaka leo: "Huwezi kumchora fahali ukiwa juu ya mti. Kamwangalie kwa karibu."

Basi tukaenda Gando kwenye mchezo wa ng'ombe. Watu waliparamia miti na kuta, kama kawaida. Kabla ngoma haijaanza niliipima ile kamba aliyofungwa fahali kwa hatua zangu, kutoka kwenye kigingi mpaka kwenye fundo la shingoni, nikachora mstari kwa kisigino. "Simama nyuma ya hapa. Hakufikii." Ukanitania, "Mwalimu na chaki yake!" Lakini ulisimama. Hukuvuka hata kwa kidole cha mguu.

Zumari ikalia. Mchezaji wa ng'ombe akampungia kitambaa, akamkwepa, na fahali akaja moja kwa moja kwako. Ulikuwa umeinua simu, unalipiga picha bega lake. Kamba ikakaza palepale nilipopiga hesabu. Hesabu ilikuwa sahihi, Seif, mpaka kwenye fundo. Mbele ya fundo kuna shingo, kuna kichwa, kuna pembe. Nilipima kamba. Sikumpima ng'ombe.

Pembe ilikuingia chini ya mbavu, ikakunyanyua. Nilisikia shati likichanika, kisha nikajua si shati tu. Akakutupa ndani ya mstari, akakurudia, akakukanyaga kifuani kabla watu hawajamvuta. Nilikuziba tumbo kwa kofia yangu. Damu ilipita katikati ya vidole, ya moto. Ukasema, "Mjomba, umeliona bega?" Sikujibu. Nilikuwa napiga kelele. Hukusema tena.

Tangu siku hiyo wanasema, "Kimbelembele chake. Mwalimu alipima, na mwalimu hakosei. Huyo alivuka." Walisema matangani, wakasema sokoni Wete. Mama yako akaamini, akakukasirikia nawe uko kaburini. Nami niliyewafundisha nusu ya watu wale kusema kweli, nikanyamaza. Nikapokea mikono ya pole.

Juzi wenye gemu wakaleta gari lako, likiwa ndani ya gemu yenyewe. Wamelimalizia kwa zile picha za simu yako, alizowatumia dada yako. Wakauliza kama jina lako liandikwe. Mama yako akasema, "Lisiandikwe. Jina la mjinga la nini?"

Hapo nikasimama. Nikamwambia mwanawe hakuvuka. Mstari ulikuwa wangu, kosa langu, na kimya changu. Ndipo akanipiga. Kisha akakaa chini, akapangusa macho kwa kanga, akasema, "Nionyesheni hilo gari."

Dada yako Zuhura akaliwasha. Seif, lina uzito! Likifunga breki pua inainama, kwenye kona bega la nje linazama, tairi zinalia. Mama yako akampokonya Zuhura kile kidude cha kuchezea, asijue kitufe hiki wala kile, akalibamiza gari ukutani. Vioo vikamwagika, boneti ikakunjika, gurudumu likang'oka likaenda zake. Papo hapo likarudi zima. Akalibamiza tena. Na tena, meno ameuma, kanga imemwanguka. Mwishowe akakiweka kidude mkekani.

"Mbona hili linarudi, Kaka?"

Nikamwokotea kanga, nikamfunika mabega.

Akamgeukia Zuhura. "Waandikie. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Lisipungue."

Sasa sikiliza ahadi yangu. Mchezo ukipigwa tena Gando, kabla ya ngoma, nitaingia uwanjani na bakora yangu. Nitachora mstari uleule, niwaonyeshe uliposimama. Niwaambie mwalimu alikosea na mwanafunzi alitii. Kisha nitapima upya mbele yao wote, safari hii mpaka ncha ya pembe, na mstari huo ndio utakaobaki. Wakinizomea, wanizomee.

Mola akupanulie kaburi lako, mwanangu. Nami njia yangu si ndefu, tutaonana. Ila nisikuache na swali lako mkononi.

Ndiyo, Seif. Bega nililiona.

Mjomba wako,
Mwalimu Khamis