Vitanda Viwili, Mgeni Mmoja

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro jioni. Kariakoo. Mawingu yamejaa tangu mchana na mvua bado haijaamua. Joto limeingia ndani ya nyumba na halina mpango wa kutoka.

Nimerudi kutoka hotelini muda si mrefu. Begi sijalifungua. Nje watu wa mikokoteni wanagombania njia kama kawaida yao, na mimi nimekaa chumba cha uani nikitafuta pa kuanzia. Wanaonisoma humu bloguni ni wachache, na wengi huja kwa habari za zipu na vifungo ninavyouza. Leo sina habari za duka. Leo nina aibu.

Dada yangu Salma, anayeishi Maskati, ndiye aliyenilipia siku tatu katika hoteli kubwa ya ufukweni, kaskazini mwa jiji, zile ambazo mimi nimezoea kuziona kwenye kalenda. Alisema sauti yangu kwenye simu imekuwa ya mtu anayeongea akiwa amelala. Sikubisha. Nilimuuguza mama miaka kumi na moja, tangu apate kiharusi. Ana miezi minane kaburini, na mimi bado nalala kwa vipande, nikiamka kumgeuza mtu ambaye hayupo.

Nilifika Ijumaa baada ya sala, kwa bajaji, na shangazi kaja langu mapajani. Mlinzi aliliangalia lile begi la mistari, akanielekeza geti la nyuma wanakoingizia mboga. Nikamwambia mimi ni mgeni. Akaniomba radhi mpaka nikaona haya mimi. Sikumlaumu. Mtu wa Kariakoo hujulikana hata akinyamaza, sembuse na shangazi kaja.

Mapokezi kijana mmoja nadhifu akaniuliza, "Shikamoo mzee. Mko wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Lilitoka lenyewe.

Kwa miaka kumi na moja hilo ndilo lilikuwa jibu langu kila mahali. Dirishani kule kliniki, Upanga. Kwa dereva teksi. Hata kwa mama wa chapati, ambaye alikuwa hanisubiri nimalize kusema. Wawili. Kijana akaangalia nyuma yangu, akauliza mwenzangu yuko wapi. Pale ndipo ningesema samahani, ulimi umeteleza. Badala yake nikasema ni mama yangu, ni mgonjwa, analetwa na ndugu kwa gari na tutamwingiza polepole. Akanipa kadi mbili za mlango na kunitakia mapumziko mema. Kututakia sisi, niseme.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, gauni mbili za kuogea, na taulo zimekunjwa zikawa bata wawili wanaotazamana. Bahari ilikuwa hapo hapo nje ya kioo. Niliitazama kidogo, halafu nikageuka kukagua zipu za foronya. Zipu nzuri, za chuma, si hizi zinazong'oka meno wiki ya pili. Nilitaka kumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi, kabla sijashuka kula, nilikivuruga kitanda cha pili. Nikapanga mito mitatu kwa urefu na kuifunika shuka mpaka juu. Naandika haya nikiwa na akili zangu timamu na umri wa miaka arobaini na tisa.

Niliporudi, akagonga binti wa usafi. Jina lake lilikuwa kifuani: Manka. Nilifungua mlango nusu, nikamwambia asihangaike kufanya usafi, mama amelala, anipe taulo tu. Palepale akashusha sauti.

"Haya baba. Bibi kaamkaje lakini?"

Miezi minane hakuna aliyeniuliza hivyo.

Zamani, kutoka mlangoni kwangu mpaka dukani, niliulizwa swali hilo mara kumi. Muuza kahawa aliuliza. Mafundi cherehani waliuliza bila kuinua macho. Baada ya hitima ya arobaini wakaacha, na hawakukosea, mgonjwa hayupo watamuulizia nani? Ila nilikuwa nimezoea kuishi ndani ya swali lile. Lilipoondoka nikagundua kwamba mimi mwenyewe nilikuwa siulizwi kitu. Watu wananisalimia, wananunua vifungo, wanapita.

Nikamjibu Manka, "Kaamka salama, alhamdulillahi. Kanywa na uji kidogo."

Nilifunga mlango nikitabasamu kama mjinga. Korido moja tu ya hoteli, duniani kote, ndiko mama alikokuwa bado mzima. Aibu ilikuja baadaye. Kwanza ilikuja furaha, na hilo sitalificha.

Mchana Manka akarudi na sahani ya papai, limemenywa na kukatwa vipande vidogo vya kumfaa mgonjwa. Hakuagizwa na mtu. Akasimama mlangoni, akaniambia kwamba na yeye mama yake anaumwa. Yuko Moshi hospitalini, ana uvimbe tumboni, na Jumatatu wanampasua. Ruhusa ya kwenda amekosa.

"Naomba bibi amwombee, baba. Wazazi wakiomba, Mungu anasikia haraka."

Nikasema nitamwambia.

Alasiri nilishuka ufukweni. Salma alitaka picha, nikampigia picha ya maji. Kila kiti kilikuwa na mwenzake na kila mtu alikuwa na wake: wazungu wawili wazee wakipakana mafuta migongoni, familia ya Kihindi na vyakula vyao, maharusi wasiochoka kupigana picha. Mhudumu akaja kuniuliza kama alete juisi moja au mbili. Nikasema mbili. Nikazinywa zote.

Nikiwa nimekaa pale nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kulikuwa na siku, mama akiwa hai, nilipokuwa namwogesha huku mgongo unaniuma na duka limefungwa, nilipotamani niwe mahali kama pale. Peke yangu, kwenye kiti, bila mtu wa kuniita. Mchumba wangu alikuwa ameshachoka kunisubiri, ameolewa Tanga, na mimi nilimsingizia mama, ingawa moyoni nilijua niliogopa tu kuoa. Basi Jumamosi nikapata nilichokitamani. Nilikaa mpaka jua likazama na hakuna aliyeniita.

Nikipanda chumbani nikakutana na Manka koridoni, anamaliza zamu.

"Baba, ulimwambia?"

"Nilimwambia. Kamwombea mama yako. Na wewe kakuombea."

Alishika mikono yangu yote miwili, macho yakamjaa maji, akaondoka akiwa mwepesi. Uongo wa mapokezi ulikuwa wa ulimi. Huu niliutunga mwenyewe, nikamtazama usoni nikiusema.

Leo asubuhi nilikuwa nakunja nguo zangu mlango ulipogongwa. Manka tena, lakini safari hii amevaa kitenge chake na kilemba. Leo si zamu yake, alikuwa njiani kwenda kanisani. Mkononi ana hotpoti ya mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama ambao Wachaga huwapikia wazazi na wagonjwa. Aliupika alfajiri chumbani kwake.

"Sikai, baba. Nampa bibi shikamoo, naondoka."

Nikamwambia amelala. Akasema basi atamwamkia kwa mbali, haiwezekani aondoke hivi hivi, na kabla sijapata uongo mwingine kichwa chake kilikuwa kimeshaingia ndani. Akaona kitanda na kile kilichofunikwa shuka. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

Kiharusi kilimnyang'anya mama maneno karibu yote. Jina langu lilimpotea, na la Salma, na la chumvi. Marahaba haikumpotea. Ungeweza kumdhania hasikii, akaja mtoto wa jirani akamwamkia, na marahaba ikaja, nzito, imepinda upande mmoja, lakini ikaja. Mpaka wiki ya mwisho ilikuwa inakuja.

Manka alisubiri. Akapandisha sauti kidogo.

"Bibi, shikamoo."

Nilifungua mdomo niitikie mimi. Sikuweza.

"Manka," nikasema, "mama amefariki."

"Yesu wangu!" Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mlango, macho kwenye kitanda. "Saa ngapi?"

"Miezi minane."

Hapo ndipo nilipoelewa anachokiona. Nikakimbilia kitanda na kuivuta shuka. Mito mitatu. Aliitazama mito, akanitazama mimi, akaitazama tena mito. Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali.

"Kwa hiyo jana nani kamwombea mama yangu?"

"Hakuna mtu."

Akaniambia, taratibu, kwamba jana usiku alimpigia mama yake. Alimweleza kuna bibi mmoja wa Kiislamu, naye mgonjwa, kamwombea dua. Mama yake alifurahi sana. Aliwaambia wagonjwa wenzake wodini.

"Sasa nimwambie nini?"

Nikasema pole.

"Usinipe pole, baba. Mimi sijafiwa."

Nikamweleza basi. Nilieleza vibaya, kwa vipande, mara mapokezi, mara kliniki, mara muuza kahawa. Nilisema neno amefariki mara tatu au nne kabla sijagundua kwamba nilikuwa sijawahi kulitamka. Mtaani halikuhitajika, wote walikuwepo msibani. Salma alikuwa amekuja, na ndiye aliyemshika mama mkono mpaka mwisho. Nilipitisha miezi minane yote bila kulisema kwa mtu yeyote, na nikaja kulisema mbele ya binti wa watu niliyemtapeli.

Manka aliweka hotpoti mezani. Mimi sikuthubutu kukaa chini.

"Basi omba wewe," akasema.

"Mimi?"

"Si ulikuwa unamwombea mama yako miaka yote hiyo? Au na hiyo ulidanganya?"

Nikamuuliza mama yake anaitwa nani. Akasema Ndeanasia. Nikainua mikono, na ulimi ukashika njia uliyoizoea: Ee Mola, mponye mama yangu. Nikakwama hapo. Kwenye hitima waliomba wengine, mimi nikaitikia amina. Kwa kinywa changu mwenyewe nilikuwa sijaibadilisha dua ile, na nilijua sababu, ila nilikuwa siigusi.

Nikaanza upya. Ee Mola, mrehemu mama yangu Shamsa. Na Ndeanasia, mama yake Manka, mponye, umrudishe kwa mwanawe.

Machozi yalikuja katikati na sikuyazuia. Nililia nikiwa nimesimama, mikono juu, mbele ya mtu ninayeweza kumzaa. Manka akasema amina, akaisema tena kwa sauti zaidi.

Hakuniambia amenisamehe, nami sikumuuliza. Alifungua hotpoti, akaniambia nile kabla mtori haujapoa, akasubiri mpaka akaona nimemeza. Kisha akachukua namba yangu ya simu.

"Kesho wakimtoa chumba cha upasuaji nitakupigia. Na upokee."

Akaenda kanisani.

Mapokezi wakanipa karatasi ya maoni ya mgeni. Kitanda, chakula, huduma, vyote nikaweka alama ya vizuri sana. Palipoulizwa waboreshe nini nikaacha wazi, maana kosa halikuwa lao. Nikamwambia yule kijana nadhifu kwamba mama hakuja, na kwamba asingeweza kuja. Akaniangalia bila kuelewa, akanitakia safari njema.

Salma amepiga simu sasa hivi kuniuliza hoteli ilikuwaje. Nimemwambia bahari nzuri. Halafu nikamwambia namkumbuka mama, nikasikia anavuta pumzi, na tumelia wote wawili, yeye Maskati, mimi hapa. Tangu msiba hatukuwahi kulia pamoja. Kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma.

Ila usiku huu ninachokiogopa ni ile simu ya kesho. Akipiga na kusema ametoka salama, nitafurahi naye, hilo ni rahisi. Je, akipiga analia? Nitamwambia nini, mimi niliyeshindwa na habari yangu mwenyewe?

Sijui. Kesho nitafungua duka kama kawaida. Simu itakuwa mezani mbele yangu, mlio juu, na hata mteja awe ananisubiri, ikiita nitapokea.