Nani Alisimamisha Pampu ya Bridgit

Kawangware 46,
Jumapili

Wifi yangu Nelima,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumai hujambo huko Soweto East, na lile goti limepoa sasa unapopanda ngazi za fleti. Sisi tupo. Kaka yako Wanzala bado anapaka rangi nyumba za watu na kuisahau yake. Bridgit anapumua vizuri leo, na hapo ndipo penye maneno.

Aliporudi kutoka kwako Agosti, hakukohoa wiki nzima. Ningefurahi, lakini mtoto alikuwa na senje, yaani wewe shangazi yake, mdomoni kutwa: senje alinipeleka kliniki, senje alitoboa chupa ya soda akachomeka pampu ili dawa ifike kifuani, senje hanipigii kelele. Miaka tisa nimekimbia na pumu ya huyo msichana, wewe miezi miwili ukawa daktari! Nilikuchukia, wifi. Naandika bila haya.

Unanijua kwa ubishi. Mimi husoma hata gazeti lililofungiwa nyama. Basi Bridgit aliponieleza ulivyomfundisha, kwamba pumu si udhaifu bali chembe za kinga zinakasirikia vumbi na moshi mpaka zinavimbisha njia za hewa, na kwamba pampu ya kahawia huzituliza kila siku ilhali ya buluu hufungua kifua tu akibanwa, nilirukia neno moja. Kinga! Nikauliza pale bombani, watu wote wakisikia, ni mama gani mwenye akili anayetuliza kinga ya mwanawe. Jirani yangu Adhis akasema kiti cha ubunge kinaningoja. Nikavimba kichwa. Nikanunua ule unga wa kuongeza kinga unaotangazwa kwa spika pale mtaani Kongo, nikamnywesha mtoto wiki tatu.

Jumatano alibanwa akitoka shule. Midomo ikawa ya kijivu, mbavu zikivutwa ndani. Pampu ya buluu haikufua dafu. Okoth wa bodaboda akatufikisha hospitali, wakamwekea oksijeni. Daktari, kijana mpole, akauliza dawa ya kila siku ilikoma lini. Alisema zile chembe hurudi kazini kimya kimya wakati mzazi anadhani mtoto amepona, na kwamba dawa ile ni kidogo, huishia mapafuni, haimwachi mtoto bila kinga.

Sasa keti ndipo usome. Nilimjibu kwamba ni senje yake, Nelima, aliyemwambia aache akijisikia vizuri. Akaliandika jina lako kwenye faili.

Na usidhani niliogopa dawa. Siku ile ya bombani nilikuwa nimeshasoma karatasi ya kliniki uliyomtuma nayo, mara mbili, nikaielewa yote. Pampu ya kahawia niliificha mwenyewe, ndani ya debe la mahindi. Nilitaka apone mikononi mwangu. Kama si hivyo, basi asipone mikononi mwako.

Bridgit alinisikia nikikusingizia, barakoa ya hewa ikiwa usoni, asiweze kusema. Tangu hapo nampa pampu asubuhi na jioni, naye hunijibu "sawa, mum" tu, kama mgeni.

Alhamisi saa tatu anarudi kwa daktari yule, kliniki ya hospitali. Njoo, wifi. Nataka daktari alikate jina lako aandike langu, wewe ukiwa umesimama hapo na mtoto akisikia. Ukitaka kunitukana, nitukane kwanza barabarani, nitanyamaza kwa mara moja maishani mwangu.

Wasalimie wote wa nyumbani kwako.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
Jentrix