Siku Mama Mkubwa Alipoketishwa

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Mtaa wa Juu.

Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Waziri,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umetulia, na yule msimamizi wenu wa kiwanda cha mikate ameacha kukupanga zamu za alfajiri kila wiki. Mkeo je, hajambo? Na mtoto, meno yameshaota? Picha mliyotuma nimeibandika ukutani juu ya cherehani, na kila mteja anayeingia ni lazima aisifu kwanza ndipo nimpime.

Najua ulinikataza kukuita Waziri mbele ya mkeo. Samahani, wifi wa watu, lakini huyu mumeo ndiye waziri pekee niliyewahi kumwamini, na cheo chenyewe alipewa na bibi yetu kwa sababu ya kuongea hata mdomoni kukiwa na chakula. Asije akajivuna.

Sisi huku tunaendelea kusukuma siku. Shemeji yako bado yuko na mabomba yake. Anaitwa kila mahali kuziba, lakini maji yenyewe hayaji, kwa hiyo siku hizi anasifiwa kwa mabomba yasiyovuja kitu. Macho yangu yameanza kunigomea. Sindano naitunga uzi kwa kubahatisha, na nikiikosa mara nyingi naisingizia taa.

Kazi imepungua sana. Unakumbuka sare za shule tulikuwa tukigawana sisi wa cherehani wa mtaa, kila mmoja darasa lake. Mwaka huu zabuni yote amepewa mtu mmoja ambaye hata mkasi hajui unashikwa wapi. Sare zinakuja kwenye magunia kutoka anakokujua yeye, mikono inafika magotini, na wazazi wananiletea mimi nizipunguze. Nilikwenda ofisini kuuliza. Karani akanijibu kwa upole kabisa kwamba haki ya kufanya kazi ninayo, hakuna aliyekuja kuninyang'anya cherehani. Nilirudi nyumbani nikiwa sina hata hamu ya kugombana, na wewe unanijua.

Sasa nimfikie mama yako, maana najua umeruka mistari yote hiyo kumtafuta.

Mama Mkubwa yupo, anakula, anatukosoa Kiswahili kama kawaida yake. Lakini mguu si mzuri, Waziri. Kile kidonda nilichokuandikia kimepanda kutoka kidoleni hadi karibu na kifundo. Kisukari chake hakikuwa na shida kubwa zahanati ilipokuwa wazi. Alikuwa akitembea mwenyewe hadi pale, nesi anamsafisha, anamfunga kitambaa kipya, wanapiga soga kidogo, anarudi. Sindano zake zilikaa kwenye friji lao, kwa kuwa sisi umeme wetu ni wa kukisia.

Zahanati ilifungwa kwa ukarabati. Hukuambiwa kwa sababu yeye mwenyewe alikataa uambiwe, akisema ni jambo la miezi michache. Ukarabati huo hatujauona. Tulichoona ni malori yakishusha saruji, na kufuli jipya mlangoni, na kijana wa duka la vifaa vya ujenzi akiingia na kutoka na funguo mfukoni. Chumba alichozaliwa mtoto wangu wa mwisho sasa kimejaa mifuko hadi dirishani. Nesi alihamishwa. Hospitali kubwa iko mbali, unapanda gari mbili, na ukifika unakuta foleni imeshapinda kona. Mama Mkubwa alikwenda, akaenda, kisha akaanza kuruka siku. Daktari wa huko ameshatamka neno kukata. Amelitamka mara moja tu, lakini mimi nilikuwepo.

Nilimwambia tukuandikie uje umchukue, kama ulivyokuwa ukimsihi miaka yote. Akanijibu jibu lake lile lile: "Nikiondoka, nani atauliza?" Alikuwa anausubiri Mkutano wa Kusimama. Alisema atalipeleka suala la zahanati pale, na zahanati itafunguliwa, na mguu utapona hapa hapa nyumbani.

Mkeo hakulelewa huku, basi mweleze. Mwaka ukikaribia kuisha, diwani huja kwenye ukumbi wa shule ya msingi, akasimama mbele yetu bila meza wala kiti, na sisi wananchi tunakaa. Mwenye swali anasimama. Akishauliza habanduki; anabaki wima mpaka apate jibu linalomtosha, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kusema. Akiketi, maana yake ameridhika, na swali hilo limefungwa hadi mwaka mwingine. Basi. Hakuna sheria inayomlazimisha diwani kuja. Ni desturi tuliyorithi kwa waliotutangulia, na madiwani wote, wazuri na wezi, waliiogopa. Marehemu baba yako alisimama na swali la daraja mpaka jioni, diwani wa enzi zile akawa anajifuta jasho kwa tai yake, na daraja tunalo hadi leo.

Mama yako alitufundisha sote uraia darasani, na alikuwa na msemo wake: haki ya matibabu, haki ya maji, haki ya kazi, zote zimeandikwa vizuri, lakini zimeandikwa kwa ajili ya mtu aliye tayari kusimama. Nilikuwa naona ni maneno ya mwalimu tu. Nimekuja kuyaelewa kwenye mkutano wa mwaka huu, na nimeyaelewa kwa uchungu.

Ilikuwa Jumamosi ya tarehe mosi. Tulimpeleka mimi na shemeji yako, tumemshika huku na huku. Ukumbi ulifurika. Karibu kila aliyekuwa mle ndani alishawahi kupigiwa mstari mwekundu daftarini na mama yako, diwani akiwa mmojawapo. Diwani alipoingia alimfuata mama yako pale alipokaa, akainama, akamwamkia kwa adabu zote, "Mwalimu wangu." Watu wakafurahi.

Mama Mkubwa ndiye aliyefungua, kama kila mwaka. Alisimama akiwa ameshikilia mgongo wa benchi la mbele, akauliza zahanati itafunguliwa lini. Diwani akasema suala hilo liko kwenye mchakato.

"Mchakato nimeusikia," akasema mama yako. "Mimi nimeuliza lini."

Ukumbi ulicheka, na hata mimi nilicheka. Diwani akazunguka, akaja na wahisani, akaja na bajeti, akaja na changamoto. Kila akimaliza, Mama Mkubwa yuko wima. "Lini?" Sauti ile ile ya darasani, wala haipandi. Nakuambia ukweli, kwa muda ule nilijiona nina nchi. Diwani alianza kutazama mlango. Alishaishiwa, Waziri. Lilikuwa limebaki neno moja tu limtoke, tarehe, tarehe yoyote ile, mbele ya mtaa mzima.

Ndipo watu walipouona mguu. Kitambaa kilikuwa kimelowa, na kilichokuwa kikitoka kilikuwa kinatiririka kwenye kandambili hadi sakafuni. Wanawake walioketi karibu wakaanza kuguna. Muuza nyama wa pale kona, yule aliyerudia darasa mpaka mama yako akamfundisha kusoma jioni bure nyumbani kwake, alinyanyuka mbio na kiti. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwalimu, kaa basi, utaanguka! Jamani mshikeni Mwalimu!" Wakamzunguka watu wanne watano, wote wanampenda.

"Niacheni," akasema. "Bado."

Mimi nilikuwa upande wa pili wa benchi, nikaanza kupenya. Lakini nani kati yetu alilelewa kumwacha mama mzima asimame huku anavuja? Walimshusha taratibu, kwa heshima kubwa, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Mmoja akampepea kwa kanga. Akaketi.

Tulijua sote kwa pamoja tulichokifanya, na tayari tulikuwa tumechelewa. Diwani alichukua pumzi moja tu. "Namshukuru Mwalimu wangu kwa kuridhika. Swali linalofuata." Wale vijana wake waliokaa mbele na fulana mpya wakapiga makofi. Na hayo nayo ni mapya, maana mkutano ule haukuwa na makofi.

Nilipiga kelele. Nilisema hajaridhika, ameketishwa! Mwenyekiti wa mkutano, ambaye ndiye mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, akanitazama kwa huruma akasema, "Dada, desturi ni desturi. Aliyeketi ameketi." Mtu ambaye zahanati ya watu ameigeuza ghala ndiye aliyetulindia desturi siku hiyo.

Baada ya hapo waliuliza wengine, taa za barabarani, takataka, sijui nini. Walikuwa wakiuliza, wakijibiwa mchakato, wanaketi.

Muuza nyama amekuja kila siku tangu hapo. Anakaa mlangoni, hataki kuingia, anasema hana uso wa kumtazama Mwalimu. Jana mama yako alimwita ndani akamwambia asijitese, kwamba alichofanya ndicho alichofundishwa nyumbani na shuleni, na kwamba hata yeye angekuwa ni mwanafunzi angeleta kiti. Yule bwana alilia zaidi. Mimi nilitoka nje, kwa sababu kwa kweli nilikuwa bado nataka kumtandika.

Nimekuwa nikijiuliza, kitu kilichodumu miaka yote hiyo kimekufaje mchana kweupe bila hata mtu mmoja kukichukia. Diwani hakukivunja. Alisubiri tu wema wetu ufanye kazi. Na mwakani atakuja tena, utaona, atasimama pale mbele amenyooka, bila meza wala kiti, na mtaa wote tutakaa tumtazame, hakuna wa kumuuliza kitu.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nikuandikie. Usiku ule wa Jumamosi nilimfunga kidonda kwa maji ya chumvi na vitambaa nilivyokata kwenye sare zilizoharibika. Nilipomaliza akaniambia: "Mwandikie mwanangu. Mwambie nakuja."

Umeniomba miaka mingi nimshawishi, Waziri. Leo ameshawishika, na si kwa maneno yangu. Nilibaki nimeshika kile kitambaa nikimngoja aniulize nani atauliza, nimjibu nitauliza mimi, tugombane kidogo, abaki. Nilingoja sana. Alijigeuza ukutani akalala.

Kwa hiyo fanya haraka mambo ya karatasi. Picha zake za pasi tumepiga, ametoka amekunja uso, mpiga picha alimwomba atabasamu akamjibu haoni sababu. Umtafutie daktari wa mguu kabla hajafika, si baada. Na umtafutie sweta. Mimi nitamshonea za hapa lakini sijui baridi yenu ina ukubwa gani. Usiniahidi kwamba akipona atarudi. Niache nilie mara moja.

Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema lile bomba la jikoni uliloliziba mwenyewe ulipokuja linavuja, na analiacha hivyo makusudi kama ukumbusho. Wanangu wanakusalimu. Shangazi wa ng'ambo ya mto anakusalimu, masikio yamekwisha lakini jina lako bado analisikia. Muuza nyama naye ameomba nimtaje, basi nimemtaja. Tubusie mtoto, na umsalimu sana mkeo. Mungu akulinde kazini na njiani, akuzidishie moyo ulio nao.

Nilitaka kuishia hapo, lakini kuna kitu mama yako ameniuliza leo asubuhi nikiwa namsuka. Ameuliza kama huko kwenu mgeni anaruhusiwa kusimama akauliza. Sikujua. Nimemwambia nitakuuliza wewe. Kama jibu ni ndiyo, mwandikie upesi. Kama ni hapana, nakuomba sana mdogo wangu, usimwambie mpaka awe ameshafika.

Ni mimi, dada yako akupendaye hata ukiwa mbali kiasi hicho,

Mshonaji